Kuzungusha na Kuwasha: Historia ya Maneno ya Fundi Umeme wa Magari, Toka Hendeli Hadi Selfu

Katika hitilafu zote zinazolipata gari, hakuna inayomchosha fundi kuliko ile inayokuja na kuondoka. Alfajiri gari limekataa kuwaka. Saa tatu, fundi anapofika na zana zake, linawaka mara moja kana kwamba halikuwa na neno. Jioni, likiwa safarini, linakataa tena. Chombo kilichovunjika huonekana kwa macho, na waya uliokatika kabisa hugunduliwa kwa kipimo kimoja. Lakini hitilafu isiyodumu haina budi kusakwa kwa maswali, na maswali hayaulizwi ila kwa maneno. Dereva akikosa neno la kueleza alichokisikia, fundi hubahatisha. Na fundi akibahatisha, mwenye gari hununua betri mpya ambayo haikuhitajika, na ugonjwa hubaki pale pale.

Kwa hiyo jambo hili, ingawa ni la gereji, lawahusu pia watu wa istilahi. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na tangu wakati huo wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wamekuwa wakitakiwa kuyaeleza kwa Kiswahili mambo ya kila fani, ufundi ukiwamo. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi maneno ya kuwasha injini yalivyoingia na kukua, na jinsi yanavyomsaidia fundi kuitafuta hitilafu ijifichayo. Dai letu ni moja. Kiswahili cha gereji kimekwisha kuwa na tofauti za maana zinazohitajika katika kazi hiyo, na tofauti hizo zilizaliwa na historia ya kazi yenyewe. Mfasiri asiyeijua historia hiyo huzifuta bila kukusudia, akaweka istilahi moja mahali palipokuwa na maneno matatu.

Mifano yetu tumeielekeza Mkoa wa Mara, na hasa kisiwa cha Rukuba, kilichomo katika Ziwa Victoria, Kata ya Etaro, Wilaya ya Musoma. Huenda msomaji akashangaa kuona habari za magari zikipelekwa kisiwani. Sababu ni hii: mtu atokaye Rukuba kwenda Musoma mjini, Butiama au Bunda hana budi kuvuka maji kwanza, ndipo apande gari. Mgonjwa anayepelekwa hospitali ya mjini huhitaji injini mbili ziwake, moja majini na moja nchi kavu. Ikikataa moja, safari imekwisha. Isitoshe, kama tutakavyoona, injini ya mashua imehifadhi jambo ambalo injini ya gari imelisahaulisha.

Kazi mbili zilizokuwa mbalimbali

Tarehe 10 Agosti 1907 Paul Graetz, ofisa wa Kijerumani, aliondoka Dar es Salaam kwa gari akakusudia kulivuka bara la Afrika. Alifika Swakopmund, kwenye pwani ya magharibi, tarehe 1 Mei 1909. Magari ya zama hizo yaliwashwa kwa mkono. Mtu alichomeka hendeli mbele ya injini, akaizungusha kwa nguvu, na injini iliposhika moto akaichomoa upesi. Kazi hiyo ilikuwa na hatari, kwa kuwa injini iliweza kurudi nyuma ghafla na kuuvunja mkono wa mzungushaji.

Yafaa tuangalie kwamba hapo palikuwa na matendo mawili yaliyo mbalimbali kabisa. La kwanza ni kuzungusha, nalo lilikuwa tendo la mtu. La pili ni kushika au kuwaka, nalo lilikuwa tendo la injini. Mtu aliyezungusha hendeli mara ishirini bila injini kushika hakuhitaji kuelezwa kwamba ubovu haukuwa katika kuzungusha. Mikono yake ilimwambia. Hata neno taniboi, yaani msaidizi wa dereva wa lori, huelezwa kuwa lilitokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kuzungusha, kwa sababu kijana huyo ndiye aliyekabidhiwa hendeli.

Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye mota ya umeme ya kuzungushia injini, iliyobuniwa na Charles Kettering na wenzake. Gari la Ford aina ya T, lililoenea duniani kuliko mengine ya wakati wake, lilianza kupatikana na mota hiyo mwaka 1919. Hata hivyo hendeli haikuondoka mara moja. Kwa miaka mingi malori na magari ya Land Rover, yaliyoanza kutengenezwa mwaka 1948, yaliendelea kuwa na tundu la hendeli ili betri ikiishiwa nguvu mtu asikwame porini.

Ufunguo wa umeme ulipoenea, matendo mawili yalifunikwa na tendo moja la vidole. Dereva huzungusha ufunguo, na kwake yeye gari limewaka au halikuwaka. Tamko "gari haliwaki" likawa na maana mbili zilizojificha chini ya neno moja: huenda injini haizunguki kabisa, au huenda inazunguka vizuri lakini haishiki moto. Kwa fundi, hizo ni hitilafu mbili zisizo na undugu, na zana za kuzitafutia ni mbali mbali.

Mvuvi wa Rukuba mwenye injini ndogo ya kufunga nyuma ya mashua hajaingia katika mtego huo. Injini nyingi za namna hiyo huwashwa kwa kuvuta kamba. Avutapo, mtu huyo hujua kwa mkono wake kama kamba imekwenda na injini imezunguka. Na kama haikushika, hutazama plagi au mafuta. Tofauti ile ile aliyoijua taniboi wa zamani ingali hai kwake. Mwalimu wa ufundi anayetaka kuwaeleza wanafunzi wa visiwani habari za gari ana mfano ulio karibu kuliko wowote utakaopatikana katika vitabu vya kigeni.

Njia ambayo maneno yalipita

Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na ile ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Musoma, iliyo kati ya bandari hizo mbili, haikufikiwa na reli yoyote. Mashine, vipuri na mafundi walifika kwa meli au kwa barabara. Kwa hiyo Kiswahili cha ufundi cha Mara kilipokea maneno kutoka pande mbili, na mpaka leo alama zake zaonekana.

Mfano mzuri ni jina la umeme wenyewe. Katika Kiswahili cha zamani umeme ni ule mwako wa mawinguni utanguliao radi. Nguvu mpya ilipokuja, Kiswahili cha Tanzania kikaipa jina hilo la kale. Nchini Kenya watu wengi husema stima, neno lililotokana na Kiingereza cha mvuke na vyombo vya mvuke. Upande wa Tanzania stima ni chombo cha majini. Mkazi wa Mara, aliye jirani na mpaka wa Sirari na tena jirani na ziwa, huyasikia yote mawili, na hujua kwa mazingira ya mazungumzo ni lipi lililokusudiwa. Mwandishi wa mwongozo wa kutumika nchi zote za Afrika Mashariki hana mazingira hayo ya kumsaidia. Kwake umeme ndilo neno la kutumia.

Maneno mengine yalishuka kutoka mashuani na kupanda garini. Usukani, neno la Kiarabu cha mabaharia, lilikuwa la chombo cha majini kabla ya kuwa la gari. Gari lenyewe ni neno la Kihindi. Mafundi na wenye maduka wa Kihindi walikuwa na sehemu kubwa katika gereji za mwanzo za miji yetu, na kwa njia hiyo Kiingereza cha mashine mara nyingi kilitufikia kikiwa kimekwisha kufupishwa nao. Ndivyo lilivyo neno selfu. Mota ya kuzungushia injini ilipobuniwa, Waingereza waliiita kwa jina refu lenye maana ya "kianzishi chenyewe", yaani kisichohitaji mkono wa mtu. Mafundi wa Bara Hindi walilishika neno la kwanza tu, lenye maana ya "chenyewe", na mafundi wetu hali kadhalika. Wengine walishika neno la pili, wakapata stata. Leo maneno selfu na stata yote mawili hutumika kwa kifaa kimoja, na kitenzi chao ni kimoja, yaani kupiga: kupiga selfu, kupiga stata. Kitenzi hicho hicho ndicho kilichotumika kwa hendeli.

Miaka ya shida nayo ilichangia. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977 na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Katikati yake vilipita vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na baada yake uhaba wa fedha za kigeni. Vipuri vilikuwa adimu. Fundi asiyeweza kupata selfu mpya alilazimika kuifungua ile ya zamani, kuijua kila sehemu yake, na kuipa kila sehemu jina ili aweze kumwagiza mwanafunzi wake. Masharti ya biashara yalipolegezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, magari yaliyokwisha kutumika Japani yakaja kwa wingi, mengi yakiwa na maandishi ya Kijapani. Fundi akabaki na maneno yake mwenyewe kuwa mwongozo wake mkuu.

Tukumbuke pia kwamba ni mjini Musoma, mwezi Novemba mwaka 1974, ndipo Halmashauri Kuu ya TANU ilipopitisha Azimio la Musoma, lililoharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote. Lugha ya elimu hiyo ilikuwa Kiswahili. Maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba waliingia katika kazi za mikono wakiwa na Kiswahili kizuri na Kiingereza kidogo. Kwao, neno la Kiswahili lililo sahihi ndilo mlango wa pekee wa kuingilia katika elimu ya mashine.

Moto, maji na mwili

Ukiyachunguza maneno ambayo lugha yenyewe iliyatoa bila kukopa, utaona yametoka katika nyanja tatu.

Nyanja ya kwanza ni moto. Injini huwashwa, huwaka na huzimwa kama jiko au taa. Cheche ya plagi huitwa moto, na fundi husema "moto haufiki" akikusudia kwamba umeme haufiki. Si Kiswahili peke yake kilichofanya hivyo. Wajaluo wa pande hizo za ziwa huita moto mach, na neno hilo hilo hulitumia kwa mwanga wa taa.

Nyanja ya pili ni maji. Umeme una mkondo kama mto. Huvuja, na betri hujaa na kwisha. Hata tindikali iliyomo ndani ya betri huitwa maji ya betri. Picha ya maji ni nzuri sana kwa kufundishia, kwa sababu huonyesha kwamba mfereji mwembamba huweza kupitisha maji ya kunywa lakini usitoshe kumwagilia shamba. Tutairudia picha hiyo hivi punde.

Nyanja ya tatu ni mwili. Betri huwa dhaifu, huchoka, hufa. Ina vichwa viwili. Gari huumwa, na fundi hulipima kama mganga ampimavyo mgonjwa. Nyanja hii ndiyo itakayotupa neno tunalolikosa, kama tutakavyoonyesha mwishoni.

Namna fundi anavyoisaka hitilafu

Sasa tutazame jinsi maneno hayo yanavyofanya kazi. Fundi aliye makini hafungui kitu kabla ya kuuliza. Swali la kwanza ni lile la hendeli: injini inazunguka au haizunguki? Kama inazunguka kwa nguvu lakini haishiki, selfu na betri zina uzima wa kutosha. Ubovu utafutwe katika moto wa plagi au katika mafuta. Kama haizunguki, au inazunguka kwa uzito, hapo ndipo njia ya umeme wa selfu inapochunguzwa.

Swali la pili ni la sauti. Je, ufunguo ulipozungushwa palikuwa kimya? Au palisikika mlio mmoja mzito? Au milio midogo mingi iliyofuatana upesi? Milio mingi mfululizo aghalabu humaanisha kwamba betri imepungua nguvu au vichwa vyake havikukazwa: solenoidi, yaani swichi nzito ya sumaku iliyo juu ya selfu, inavuta na kuachia, inavuta na kuachia, kwa sababu kila inapovuta umeme unaanguka. Mlio mmoja mzito humaanisha kwamba solenoidi imevuta lakini mota haikuzunguka, na mara nyingi ubovu ni ndani ya selfu, kama vile brashi za kaboni zilizolika. Kimya kitupu humaanisha kwamba amri yenyewe haikufika. Chanzo kitafutwe katika swichi ya ufunguo, rilei, fyuzi, waya mwembamba wa kuamuru, au swichi inayozuia gari la gia za otomatiki lisiwashwe likiwa katika gia. Katika magari ya kisasa kimya kina sababu nyingine zaidi: kizuia wizi hakikuutambua ufunguo.

Swali la tatu huulizwa kwa taa. Washa taa kubwa, kisha piga selfu. Taa zikififia hata kutaka kuzimika, umeme unaotakiwa ni mwingi kuliko uwezao kufika. Taa zisipobadilika hata kidogo, selfu haikuuomba umeme wowote.

Baada ya maswali huja mita. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti 2.1 hivi, ikiwa imejaa na kutulia, mita husoma karibu 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki na nusu hivi ya chaji yake. Selfu inapopigwa volti zishuke, lakini zisipungue chini ya 9.6 hivi. Injini ikiwa imewaka, altaneta ikiwa nzima, mita isome kati ya 13.8 na 14.4 au karibu na hapo.

Kipimo kinachofichua zaidi ni kile ambacho wengi hawakifanyi. Ncha moja ya mita huwekwa juu ya kichwa cha betri, na ya pili juu ya kibanio cha waya kinachokishika kichwa hicho hicho, kisha selfu hupigwa. Kwa kuwa vitu hivyo viwili vimegusana, mita ingepaswa kusoma karibu na sifuri. Ikisoma zaidi ya nusu volti, hapo pana ukinzani uliojificha: kutu, unga mweupe, au kibanio kilicholegea.

Hesabu ndogo yaeleza kwa nini. Selfu ya gari dogo huweza kuvuta ampea 150. Muungo wenye ukinzani wa sehemu mbili tu katika mia za omu utapoteza, kwa mkondo huo, volti 3 kamili, na injini haitazunguka. Lakini taa ivutayo ampea 5 kupitia muungo huo huo itapoteza sehemu moja tu katika kumi ya volti, nayo itawaka kama kawaida. Huu ndio ule mfereji mwembamba tulioutaja. Dereva huona taa zinawaka akaapa kwamba umeme upo; kweli upo wa taa, haupo wa selfu.

Na kwa nini hitilafu hiyo ije na kuondoka? Kwa sababu mgusano mbovu hutegemea joto, mtikisiko na unyevu. Barabara yenye mashimo huusogeza waya. Injini ikipata joto ukinzani huongezeka. Brashi iliyolika hugusa pale selfu iliposimama leo, kesho isiguse. Kwa hiyo fundi humwomba dereva aandike: ilikataa saa ngapi, injini ikiwa baridi au moto, baada ya mvua au baada ya safari ndefu, na kwa sauti gani. Kisha, gari likiwa huru na breki ya mkono imevutwa, huzitikisa nyaya moja moja huku msaidizi akipiga selfu. Selfu iliyokataa, ikigongwa kidogo kwa mpini wa nyundo ikakubali, imekwisha kujisema kwamba brashi zake zakaribia kwisha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa mficha maradhi ni gari, na daftari la dereva ndilo limuumbualo.

Mitego minne ya mfasiri

Mtego wa kwanza ni kiwashio. Mfasiri akitumia jina hilo kwa selfu, kisha akalitumia kwa swichi ya ufunguo, na tena kwa plagi, kwa sababu vyote vitatu "vinawasha", atakuwa amezifunga njia tatu za kutafuta hitilafu. Mwongozo utakaosema "kagua kiwashio" hautamwambia fundi lolote. Maneno selfu, swichi na plagi yamekopwa, lakini hayachanganyiki.

Mtego wa pili ni waya unaounganisha betri na bodi ya gari. Siku hizi waya huo hutoka katika kichwa cha hasi, na wako wanaouita waya wa hasi tu. Lakini kuanzia miaka ya 1930 magari mengi ya Uingereza yalifungwa kinyume, chanya ikiwa kwenye bodi; Land Rover ziligeuzwa kuwa hasi mwaka 1967. Gari la zamani lingali hai huenda likawa la mtindo wa kwanza, na mtu atakayefuata neno badala ya kazi ataweza kuunguza vifaa. Jina lifuate kazi: huo ni waya wa bodi, uwe hasi uwe chanya.

Mtego wa tatu ni shoti. Katika mazungumzo ya kawaida kila ubovu wa umeme ni shoti. Kwa kweli shoti ni mkondo kupita njia ya mkato isiyo yake, na dalili zake ni joto, moshi na fyuzi kuungua. Hitilafu tunayoizungumza ni kinyume chake: mkondo unazuiwa au unakatika katika njia yake halali. Mwanafunzi aliyefundishwa kuita hali zote mbili shoti atatafuta palipoungua, hali ubovu uko palipolegea.

Mtego wa nne ni jina la hitilafu yenyewe. Twaona baadhi ya tafsiri zikisema "hitilafu ya muda". Tamko hilo ni la hatari, kwa sababu jambo la muda ni jambo litakalokwisha lenyewe, na asomaye hivyo ataendelea na safari yake. Lakini hitilafu hii haiishi, hupumzika. Kiswahili kina neno tayari kwa hali hiyo katika nyanja ya mwili: homa inayopanda na kushuka huitwa homa ya vipindi, na hakuna mzazi katika kanda ya ziwa asiyejua kwamba homa ya namna hiyo ikishuka mchana, mgonjwa hajapona.

Mapendekezo

Kwa kuzingatia hayo, twaleta mbele ya wasomaji mapendekezo yafuatayo, ili yajadiliwe kabla ya kupelekwa kwenye vikao vya usanifishaji:

1. Hitilafu ya vipindi: ubovu unaotokea na kutoweka bila kutengenezwa. Tamko "hitilafu ya muda" liachwe.

2. Kuzungusha na kushika: matendo mawili yatofautishwe katika miongozo yote. Iandikwe "injini haizunguki" au "injini inazunguka lakini haishiki", wala isiandikwe "haiwaki" peke yake.

3. Selfu: mota ya umeme ya kuzungushia injini. Stata ikubaliwe kuwa kisawe chake. Kiwashio kisitumike kwa kifaa hiki.

4. Waya wa bodi: waya uunganishao betri na bodi ya gari, bila kujali hasi au chanya.

5. Shoti na mkatiko: la kwanza kwa mkondo upitao njia isiyo yake, la pili kwa mkondo uliokatika njiani.

6. Muungo legevu na upotevu wa volti: la kwanza kwa chanzo, la pili kwa kipimo kinachokifichua.

Mwaka 1987 ilichapishwa kamusi ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili iliyotungwa na Rajmund Ohly wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kamusi nyingine zimefuata. Kazi hizo ni msingi mwema. Tunachoomba ni kwamba orodha za namna hiyo, kabla hazijapigwa muhuri, zipelekwe gereji na mwaloni. Apewe fundi wa Bunda au kijana wa Shule ya Sekondari ya Ufundi Musoma ukurasa mmoja wa mwongozo uliofasiriwa, na gari lenye ubovu uliotegwa kwa makusudi. Akiufikia ubovu kwa kuufuata ukurasa ule, istilahi zimefaulu. Akikwama, tuangalie ni neno gani lililomkwamisha, tulibadilishe.

Kipimo hicho ni kikali, lakini ni cha haki. Mvuvi wa Rukuba atakayemvusha mgonjwa usiku hatauliza kama neno tulilolichagua ni la asili au la kukopa. Atataka kujua, baada ya kuvuta kamba na baada ya kufika ng'ambo kwenye gari linalosubiri, ni kitu gani cha kutazama kwanza.